Kulipia listi kwenye dairektori za mtandaoni: mie nililipa miaka miwili, haya ndo niliyoyaona

Waalaykum salaam dada. Nimesoma suali lako nikaona nisipite tu maana hili limeshanila pesa. Umesema una nyumba ya wageni ya vyumba vinne Jambiani, hapa Unguja, hata mwezi hujamaliza, na tayari kuna mtu anakupigia simu kila siku anataka dola 199 kwa mwaka akuweke kwenye dairektori yake, yaani websaiti yenye orodha ya biashara, na anakwambia utapanda juu Google. Usilipe. Sisemi zote ni wizi, nitakwambia na ile niliyoona inalipa, lakini hiyo usilipe.

Mie natembeza wageni mashamba ya viungo, nawachukua mjini nawapeleka Kizimbani, wanazunguka, wanakula chakula cha mchana kwa bi mkubwa mmoja kule kule, na dukani Mkunazini nauza pakti za karafuu, hiliki na mdalasini. Mwaka 2018 nikapigiwa simu kama wewe. Kijana kazungumza vizuri, nikatoa dola 150, na mwaka wa pili wakakata tena wenyewe kwenye kadi bila ya kuniuliza. Hili lijue mapema, wengi wao ukishawapa kadi wanaendelea kukata mpaka uende ukafute mwenyewe.

Sasa dukani nina daftari, lile kaunta buku kubwa. Kila mgeni akilipa namuuliza katupata wapi, pembeni ya jina lake naandika neno moja: papasi (wale vijana wa njiani wanaotuletea wageni kwa komisheni), hoteli, rafiki, Google, kapita tu. Nililianza kwa ajili ya papasi, ili aliyeniletea mtu apate haki yake nisije nikamsahau. Masika ya mwaka wa pili, wageni hakuna, mvua inapiga bati, nikakaa nalo usiku nikahesabu mstari kwa mstari tangu siku niliyolipa. Dairektori ile haimo hata mara moja. Dola 300 zimekwenda na hakuna hata mgeni mmoja. Nikasema labda watu hawakumbuki walikoniona, basi nikaufungua ule ukurasa wangu, ambao wallahi tangu nilipe sijawahi kuutazama. Namba ya simu imepungua tarakimu moja. Kwenye ramani duka langu wameliweka baharini, katikati ya Forodhani na Changuu. Na wamenitia kundi la vyakula vya jumla, Dar es Salaam! Yaani hata mtu anayenitafuta kwa jina langu asingenifikia. Niliumia sana. Niliwaandikia mara tatu, wakarekebisha namba tu.

Dairektori zilikuwa na wakati wake, hilo nakubali. Yahoo walikuwa na dairektori yao, wanachaji biashara dola 299 kwa mwaka kuwemo na watu wakilipa, kwa sababu enzi hizo mtu alitafuta websaiti kwa kufungua kundi ndani ya kundi mpaka aifikie. Wakaifunga mwisho wa 2014. DMOZ nayo, dairektori nyengine iliyokuwa ya bure na inapangwa na watu wa kujitolea, ikafungwa 2017. Siku hizi mgeni anaandika anachotaka Google au anafungua ramani basi, hana haja ya kupekua orodha. Kwa hiyo anachokuuzia huyo jamaa ni linki, yaani kiungo cha kutoka websaiti yake kuja kwako, maana Google wakipanga nani awe juu wanatazama na linki, na Google wenyewe wameandika wazi kwamba kununua linki ili upande ni kinyume na sheria zao, na linki iliyolipiwa inatakiwa itiwe alama maalumu kuwa ni ya kulipiwa, sasa ikishatiwa alama hiyo haitegemewi tena kukupandisha. Ile ahadi aliyokupa, kwa hiyo, hawezi kuitimiza kihalali.

Iliyolipa ni ya ami yangu Pemba. Yeye anawapeleka wageni kupiga mbizi upande wa Kigomasha, analipa kila mwaka aorodheshwe kwenye websaiti moja ya wapiga mbizi wa Ujerumani. Wale watu kabla hawajakata tiketi wanaingia mle kuangalia wakapige mbizi wapi, na wawili tu wakija ile ada imerudi na chenji juu. Tofauti ni kwamba mle wateja wake wapo tayari.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti fanya hivi: chukua simu ya mtu mwengine, andika Google kwa Kiingereza kama anavyoandika mgeni, nyumba ya wageni Jambiani, halafu tazama ukurasa wa mwanzo zinatoka websaiti zipi. Kama dairektori ya huyo jamaa haimo, mgeni naye haioni. Zinazotoka nyingi kujiandikisha ni bure, hata TripAdvisor ni bure, na zile za kubukia vyumba zinakula komisheni mgeni akishabuku, asilimia 15 na zaidi, inauma lakini ni kama papasi, unalipa mtu akishaletwa.

Kubwa kuliko yote ni akaunti ya biashara ya Google, bure kabisa. Siku hizi mara nyingi wanataka video kukuthibitisha: unaanza njiani, kibao cha jina lako kionekane, unaingia ndani bila ya kukata, unaonesha ufunguo unafungua mlango wa chumba au leseni yako ukutani. Pini, ile alama ya pahala pako kwenye ramani, iweke mwenyewe, vuta ramani mpaka uone paa lako. Jina na namba viandike sawasawa kila pahala, usiweke huku "Guest House" kule "Bungalows". Na mgeni akiondoka kafurahi mwombe riviu pale pale mlangoni hajapanda gari, akifika kwao keshasahau.

Zile dola 199 mie ningetafutia mpiga picha mzuri akupigie vyumba asubuhi, jua likiwa upande wa bahari. Na kwenye video ukikwama niandikie hapa, nimeshawasaidia majirani wawili pale Mkunazini, mmoja alikataliwa mara mbili kwa sababu kibao chake kilikuwa ndani ya duka.