Kabla Hujajilaumu kwa Maziwa Kidogo, Pima Thairoidi

Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku 9 nilipokubali kwamba hashibi. Alinyonya kwa muda mrefu, nami simsikii akimeza. Matiti yangu hayakujaa, si wakati wa ujauzito wala siku ya tatu baada ya kujifungua. Nikaambiwa ninyonyeshe zaidi. Nikanyonyesha mpaka chuchu zikachubuka, huku nikijiona mama asiyefaa.

Tatizo lilikuwa shingoni. Kipimo cha damu kilionyesha TSH, homoni inayoiamuru thairoidi ifanye kazi, iko juu sana: tezi ya thairoidi haikuwa ikitoa homoni ya kutosha. Uchovu, ngozi kavu, choo kigumu, vyote nilidhani ni mimba tu. Lakini wajawazito wengi husikia joto. Mimi nilikuwa nikilala na soksi. Hilo lilipaswa kunishtua.

Titi huandaliwa miezi yote ya ujauzito. Mirija hutoa matawi, vifuko vya maziwa huongezeka, na homoni ya thairoidi husaidiana na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, katika kazi hiyo. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba upungufu wa homoni ya thairoidi huvuruga utokaji wa maziwa na kufanya tishu za matiti zianze kusinyaa kabla ya wakati. Niliposoma hayo niliacha kujiuliza kwa nini dawa ya thairoidi niliyopewa, levothairoksini, haikunirudishia maziwa yote. Levothairoksini hufanya kazi polepole, na mtoto mwenye njaa hasubiri wiki 6. Nilimwongezea maziwa ya kopo, nikaendelea kumnyonyesha kidogo nilichokuwa nacho. Dada, kama uko hapo, hujakosea.

Mimba ya pili nilipima mara tu nilipojua ninayo, kwa sababu miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama. Daktari aliniongezea dozi siku hiyohiyo, akanipima kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito. Hata hivyo TSH ilipanda tena: nilikuwa nikimeza dawa pamoja na vidonge vya madini ya chuma, na chuma huizuia isifyonzwe. Viachanishe kwa muda wa saa 4, na dawa ya thairoidi uimeze tumbo likiwa tupu. Usiiache unaponyonyesha, ni salama.

Safari hii matiti yaliniuma mapema. Siku ya tatu baada ya kujifungua yalijaa, na usiku ule, kwenye giza, nilimsikia mwanangu akimeza.