"Wapi" moja, maswali matatu: nomino za Kilatini na mahali

Mwaka wangu wa kwanza wa Kilatini seminarini niliutumia kukariri majedwali ya maumbo ya nomino, kama ya puella (msichana): puella, puellae, puellae, puellam, puella, kisha kundi la pili la nomino, hadi la tano. Niliyajua kwa moyo, lakini nikipewa sentensi fupi ya kutafsiri nilikwama, kwa sababu miishio ile haikuwa na kazi kichwani mwangu zaidi ya kufuatana.

Kilichonifungua ni kosa. Niliandika "Ad Romam eo" nikimaanisha "Ninakwenda Roma", na mwalimu, padre mzee, akaikata "ad" (kuelekea) kwa wino mwekundu, akaniuliza: "Mwanangu, kwenu mnasema mnakwenda Tangani?" Nikamjibu, "Hapana, padre, tunasema Tanga." Ndipo akanieleza kwamba sisi huongeza -ni kwenye soko na shamba lakini si kwenye jina la mji, na Warumi nao waliweka "in" (ndani ya) au "ad" mbele ya msitu au nchi, lakini kwa mji walisema "Romam eo", basi. "Ad Romam" ilikuwapo pia, ila ilimaanisha kuelekea upande wa Roma au kufika karibu nayo. Mfanano huu una mipaka, kwani sisi husema "nakwenda Italia" bila nyongeza, ilhali wao walisema "in Italiam".

Ugumu wetu hasa uko kwingine. Niko sokoni, nakwenda sokoni, natoka sokoni: neno "sokoni" halibadiliki, kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo, na swali letu ni "wapi" lile lile. Kilatini kina maswali matatu, ubi (uko wapi), quo (unakwenda wapi) na unde (unatoka wapi), na kila moja hudai umbo lake: in foro sum, in forum eo, e foro venio. Kwa hiyo nakushauri uanze na mahali kabla ya majedwali, ukiliuliza kila neno maswali hayo matatu. Anza na domus (nyumba): domi, domum, domo. Fuata na Roma: Romae, Romam, Roma. Kisha Corinthus (mji wa Korintho): Corinthi, Corinthum, Corintho. Ukifika Athenae utakuta Athenis ikijibu ubi na unde pia, na hapo mzoefu wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika, maana kitenzi kitaamua: Athenis habitat, anakaa Athens, Athenis venit, anatoka Athens.

Kuhusu "in", Kiswahili kinatusaidia kuliko nilivyodhani. "In silva currit" ni anakimbia msituni, yumo humo humo. "In silvam currit" ni anakimbilia msituni. Kile ambacho sisi tunakiweka ndani ya kitenzi kwa -lia, Warumi walikiweka kwenye -m ya mwisho wa nomino. Tangu nilipoliona hilo, sijawahi tena kuchanganya hali hizo mbili.

Kwa kundi la tatu sina njia ya mkato: shika kila neno pamoja na umbo lake la umilikishi, rex na regis (mfalme), homo na hominis (mtu), kama mgeni anavyoshika uso pamoja na nyuso, kwa kuwa shina halionekani katika umbo la kwanza. Ukishalipata, endelea na maswali yale yale: in urbe (niko mjini), in urbem (nakwenda mjini), ex urbe (natoka mjini).