Nimesevu linki kibao ila nikizihitaji sizipati, nitumie programu gani?

SWALI: Habari mtaalamu. Najifunza mambo ya databesi mwenyewe, nikikutana na makala nzuri naisevu, zingine ziko kwenye bukumaki za brauza, zingine najitumia WhatsApp, halafu skrinishoti ndo usiseme. Nilikuwa na Pocket, ile programu ya kusevu makala usome baadaye, ikafungwa. Nikitaka kitu sikipati naishia kusachi upya. Nihamie Notion au Obsidian?

JIBU: Salama ndugu. Zote mbili ni programu nzuri za kuandikia noti, ila ukihamisha mzigo wote huo kama ulivyo utapotelea humohumo, maana ulichokusanya mpaka sasa ni linki, hujaandika popote ulielewa nini. Siku unakuja kusachi unatumia maneno ya kichwani kwako na makala ina maneno ya mwandishi wake, ndo maana hamkutani.

Kwa hiyo badilisha kwanza namna unavyosevu. Tuseme umesoma makala kuhusu indeksi (ile orodha ya pembeni inayoisaidia databesi kupata data haraka), usiishie kwenye linki, fungua noti mpya na kichwa chake kiwe sentensi kamili, mfano "Indeksi inaharakisha kusoma lakini inachelewesha kuandika". Chini weka mistari miwili mitatu kwa maneno yako: kila ukiingiza data mpya databesi inabidi isasishe na indeksi zote zinazohusika, kwa hiyo usiziweke ovyo kwenye jedwali linaloandikwa muda wote. Halafu linki ya chanzo. Halafu hapa ndo penye utamu, jiulize hii inagusana na nini nilichokiandika nyuma? Kama una noti ya siku ulipohangaika na kuingiza data nyingi kwa mkupuo ikawa inajikokota, iunganishe, kwenye Obsidian unaandika jina lake ndani ya mabano mraba mawili hivi [[Kuingiza data nyingi kunachelewa]] basi, na ukifungua ile ya zamani unaweza kuona zipi zinaielekea. Kuunganisha hivi kunazidi folda na tagi kwa mbali, kwa sababu folda inakwambia kitu kiko wapi ila haikwambii kwa nini kinahusiana na kingine.

Sasa programu. Kwa mtu anayejifunza peke yake nakushauri Obsidian, noti zake ni mafaili ya maandishi ya kawaida (Markdown) yanayokaa kwenye kifaa chako, hata wakiifunga kesho utayafungua na programu yoyote ya kuandikia. Notion data inakaa kwenye seva zao, inakuruhusu kuitoa ndiyo, na kama mnafanya kazi kama timu na mnataka majedwali ni tamu sana. Lakini wewe umeshaonja, Mozilla waliifunga Pocket Julai 2025, na Google Reader, ya kusomea habari za tovuti mbalimbali, nayo ilifungwa 2013 ikiwa na watu wanaoipenda kwelikweli.

Na linki yenyewe usiiamini. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti mwaka 2024, kati ya kurasa zilizokuwepo 2013 asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena ilipofika 2023. Ukurasa unaoutegemea hifadhi kopi yake, kuna kiongezeo cha brauza kinaitwa SingleFile kinakusanya ukurasa mzima na picha zake kwenye faili moja, au uombe Wayback Machine, tovuti inayotunza kopi za kurasa za mtandao, iuhifadhi.

Kukumbuka ni kazi nyingine kabisa, na noti peke yake haitakufanyia. Vile vichache unavyotaka vikae kichwani viweke Anki, programu ya kadi za kujikumbushia, kama maswali, "kwa nini indeksi nyingi zinachelewesha kuingiza data?", jibu mwenyewe kabla hujageuza kadi, ukipata itakuja kukuuliza tena baada ya muda mrefu zaidi, ukikosa inarudi mapema. Usijaze kila kitu humo, utaichoka na utaiacha.

Mrundikano wa zamani usijaribu kuupanga, utakata tamaa kabla hujaanza. Utupe wote kwenye folda moja, siku ukihitaji kitu humo ndo ukiandikie noti yake. WhatsApp endelea kujitumia kama sehemu ya kupokelea tu, ilimradi uwe unaipitia na kuisafisha. Na ukitaka noti zionekane kwenye simu na laptopu chagua njia moja tu ya kusinki, ukiweka mbili kwenye folda hilohilo utaanza kuona kopi mbilimbili za noti moja na hutajua ipi ndo mpya, na bakapu weka pembeni kabisa, maana kusinki sio bakapu, ukifuta noti huku, na kule inafutika.