Siku ya polepole iwe ya polepole kweli

Jumanne iliyopita niliwaambia vijana wawili waliojiunga na kikundi chetu cha baiskeli hapa Arusha mwezi huu: leo tunakwenda Ziwa Duluti, tunakunywa chai Tengeru, tunarudi. Basi. Jumapili walikuwa wamepiga kilomita 110, na miguu yao ilikuwa bado inadai. Tulipofika Kwa Mrefu bodaboda ikatupita na gunia la mkaa. Mmoja akainuka kwenye kiti akaifukuza, mwenzake akamfuata. Niliwakuta Tengeru wameinamia usukani, jasho linawachuruzika, wanaoneshana saa zao kwa furaha. Siku ile nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa imeshamiminwa. Leo nasema, na nasema kwa sababu nawapenda.

1. Kuna siku ngumu na kuna siku laini. Inayowamaliza ni ile ya tatu mliyojitungia wenyewe, siku ya vuguvugu. Haina ukali wa kukujenga, wala haina upole wa kukuacha upone. Unarudi nyumbani umechoka kiasi, umeridhika kiasi, na Alhamisi kocha akiita intavali sita (vipande vya kukanyaga kwa nguvu, na mapumziko katikati) za mpando wa Ngaramtoni unazifanya tatu, ya nne unaanza kuangalia cheni kana kwamba ina tatizo. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa ustahimilivu wanavyojigawia mazoezi: wapiga makasia, wateleza theluji, waendesha baiskeli. Alikuta karibu vipindi 8 katika 10 ni vya mwendo wa chini. Hao ni watu wanaolipwa kwenda mbio. Wewe uliyenunua baiskeli mwezi wa pili unataka 10 katika 10.

2. Kipimo ni mdomo. Ukiwa kwenye siku laini uweze kumsimulia mwenzako mechi ya jana kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukata sentensi katikati ili uvute pumzi. Ukishindwa, shusha gia.

3. Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo kosa langu, na ndilo ninaloliona usoni kwenu.

Nilikuwa na miaka 27, nimejiandikisha mashindano ya mwezi wa tisa. Mpango aliuandika kocha kwa mkono wake: Jumanne na Alhamisi intavali, Jumapili safari ndefu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aliandika neno moja tu, “tembea”, yaani endesha taratibu. Neno hilo nililidharau. Natoka Jumatano nikiwa na nia njema kabisa, nafika barabara ya Kisongo, naona mgongo wa mtu mbele yangu. Sikuwahi kuweza kuuacha mgongo. Saa ikionesha wastani wa kilomita 29 kwa saa nalala na amani. Ikionesha 20 najiona mvivu, najiona nawaibia wenzangu.

Wiki ya tano dalili zilianza. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla sijashuka kitandani, yalikuwa 48. Yakawa 54, kisha 59. Nikasema saa imeharibika. Usingizi ukawa unakatika saa nane za usiku, nabaki natazama dari. Chakula hakina ladha. Mke wangu aliniuliza kama nimelipa bili ya maji, swali la kawaida la mtu na mumewe, nikamjibu kwa sauti ambayo hadi leo nikiikumbuka naumia. Mtoto wetu mkubwa aliacha kunikimbilia getini nikirudi. Na dawa niliyoipata kwa hayo yote ilikuwa kuongeza kilomita.

Jumapili ya wiki ya nane tulitoka watu saba kwenda Karatu. Ukishaiacha njia panda ya Monduli ni uwanda mtupu hadi Makuyuni, na siku ile upepo ulikuwa unapiga ubavuni. Nilijificha nyuma ya magurudumu ya wenzangu. Zamu yangu ya kuvuta, yaani kukaa mbele na kuwakinga wenzangu upepo, ilipofika niliivuta nusu, nikasogea pembeni. Hakuna aliyesema neno. Mto wa Mbu tulisimama tukala ndizi nyekundu, tukajaza chupa. Mpando unaanza ukishapita tu geti la Hifadhi ya Ziwa Manyara.

Kona ya kwanza wakaniacha. Nakanyaga, miguu haiitiki. Nikatazama saa nikitegemea kukuta mapigo 175 kama kawaida yangu kwenye mpando. Yalikuwa 138, na hayakupanda hata nilipoinuka kwenye kiti na kukanyaga kwa mwili wote. Hapo ndipo nilipoogopa. Njaa ya barabarani naijua, inakuja na kutetemeka. Kiu naijua. Hii haikuwa njaa wala kiu, nilikuwa nimetoka kula. Moyo wenyewe ulikuwa umekataa kufuata. Kona ya tatu nikashuka, nikaiegemeza baiskeli kwenye kingo za barabara. Nyani watano sita walikuwa wamekaa palepale, mmoja akaja taratibu, akaokota ndizi iliyodondoka mfukoni mwangu, akaimenya akinitazama, na mimi sikuwa na nguvu hata ya kupiga kelele. Chini kule ziwa limetulia, linang'aa. Nililia.

Aliyerudi kunitafuta ni mdogo kuliko wote, kijana aliyekuwa na miezi minne tu kwenye baiskeli. Alikuwa ameshafika juu, akaliacha jasho lake lote la mpando ule na kushuka. Hakuniuliza kitu. Alikaa kando yangu akanipa maji. Nilirudi Arusha juu ya Canter iliyobeba vitunguu vya Mang'ola, baiskeli imefungwa kwa kamba juu ya magunia, na harufu ile ya vitunguu hadi leo ikinipata sokoni inanirudisha kona ya tatu. Mashindano sikwenda. Mapigo ya asubuhi yalirudi chini ya 50 baada ya miezi minne. Miezi minne, wadogo zangu, kwa sababu ya Jumatano na Ijumaa.

4. Kilichoniponya. Baada ya wiki kadhaa za kutogusa baiskeli, kocha alichukua saa yangu akaifungia kabatini kwake. Kisha akanionesha mzee wa maziwa.

Mzee yule alikuwa akishuka kutoka Ngaramtoni kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwa baiskeli yake ya Phoenix, dumu la lita 20 upande huu na la lita 20 upande ule. Sharti la kocha lilikuwa moja: kaa nyuma yake mpaka amalize kugawa, ukimpita umeharibu zoezi. Siku ya kwanza nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu, umepata pancha?” Aliona tairi nyembamba na nguo za mbio, hakuelewa kwa nini mtu wa namna ile aende mwendo wake isipokuwa ameharibikiwa. Nilipomweleza alicheka sana, akasema basi tufuatane. Ni yeye aliyenieleza kwamba maziwa yakitikisika mno yanaanza kutoa siagi chini ya kifuniko, na mama wa mgahawa akiiona anayakataa. Kwa hiyo hapigi breki ghafla, hakurupuki, hashindani na daladala. Anakanyaga kwa mdundo uleule kwenye tambarare, kwenye lami, kwenye vumbi. Mimi nilikuwa na kocha, saa na kikanda cha kifuani cha kupimia mapigo, na sikuwa na mdundo ule.

Saa nne tunapanda na madumu matupu, anaimba. Anaimba mpando mzima. Nilimfuata wiki sita. Wiki ya nne nami nikaanza kuitikia kiitikio, na ndipo nilipojua kwamba mpando nilioulilia kwa intavali unaweza kupandwa mtu akiimba.

5. Mengine ni mafupi. Pima mapigo kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani na uyaandike. Yakipanda saba au nane kwa siku tatu mfululizo, siku ngumu iahirishe. Kula baada ya siku ngumu, wanga wa kutosha, maana ghala la misuli huchukua saa 24 au zaidi kujaa tena. Mtori bakuli moja halitoshi. Kwenye siku laini tumia gia nyepesi, miguu izunguke, magoti yasisukume. Na siku ngumu iwe ngumu kweli. Hapo sina huruma, aliyetembea vizuri Jumatano hana kisingizio Alhamisi.

6. Mnaniambia, mbona Biniam Girmay haendi polepole. Wengi wenu mna picha yake kwenye simu, na mna haki: mwaka 2024 Mwafrika huyu kutoka Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na kurudi nyumbani na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Lakini mnachotazama ni mita 300 za mwisho. Rudisheni video nyuma. Mtamwona saa nzima, saa mbili, saa tatu, katikati ya kundi, mabega yamelegea, anaongea na mtu, anakula. Hata siku za mapumziko za mashindano yale waendeshaji hutoka kidogo, mwendo wa kwenda kunywa kahawa. Nguvu ya mita 300 huwekwa akiba kwenye zile saa ambazo nyinyi mnaruka video.

7. Halafu kuna la mwisho ambalo kocha hakuliandika. Nimepita Tengeru kwa kasi zaidi ya miaka mitano kabla sijajua kuna makaburi ya Wapolandi pale, watu walioletwa kama wakimbizi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakaishi, wakalima, na wengine wakazikwa palepale. Niliyaona siku laini, nimesimama kumsubiri mwenzangu azibe pancha. Majina yamechongwa kwenye mawe, miti imefunga kivuli, kimya. Tangu hapo Jumanne zangu nyingi huishia upande ule.

Jumanne hii tunarudia Duluti. Saa kumi jioni, pale pale Sakina, saa zote ziachwe nyumbani. Nitatangulia mimi, na hakuna anayenipita hadi Tengeru, hata bodaboda ije na magunia matatu. Wewe uliyeongoza kuifukuza ya juzi utakaa ubavuni kwangu, unisimulie mechi ya Jumamosi yote, pamoja na muda wa nyongeza.