Barua kwa mwanangu: kwa nini bibi yako alikomunika mwisho

Peramiho, Juni 2024

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, mahindi tumeshavuna, na mama yako anakusalimu sana. Sauti uliyotuma kwenye simu nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu mama yako aliacha kupepeta akaja mbio, maana alisikia unasema miguu imejaa malengelenge akadhani umepata ajali. Nikamweleza kwamba umetembea siku tatu, kilomita kama 100, kutoka Paris mpaka Chartres, hija ya Pentekoste ya wale wanaosali Misa ya zamani ya Kilatini, na kwamba mlikuwa watu 18,000, wengi wao vijana, mkilala kwenye mahema. Akaniuliza, "Si ndiye alituambia makanisa ya huko ni matupu?" Nikakosa jibu. Anasema usiyatoboe hayo malengelenge, yaache yakauke yenyewe.

Umeniuliza kama watu hao ni waasi. Na kama wewe, ukiendelea kusali nao Jumapili, utakuwa umelipa Kanisa kisogo kama alivyokuambia yule mwenzako wa kwaya ya Waafrika. Umeniuliza mimi kwa kuwa Misa hiyo niliitumikia nikiwa mtoto. Nitakujibu, ila univumilie, kuna jambo lazima lipite kwanza.

Katika kile kipande cha video nilimsikia padre, chini ya ngazi za altare, akianza: Introibo ad altare Dei. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: Ad Deum qui laetificat juventutem meam. Miaka 60, mwanangu! Katekista alitufundisha mwaka 1964, nikiwa na miaka tisa, chini ya mwembe, silabi baada ya silabi, akigonga fimbo chini, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua tunasema nini. Maana yake nilikuja kuipata nikiwa mwalimu mtu mzima: kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu. Siku hiyo nilikaa darasani peke yangu, watoto wameshaondoka, nimefurahi mpaka machozi. Kumbe kila alfajiri, pekupeku kwenye umande, baridi ya Ungoni unaijua, nilikuwa namtaja Mungu kwa furaha ya ujana wangu bila kujua, na furaha yenyewe nilikuwa nayo.

Bibi yako hakujua hata silabi moja ya Kilatini. Padre akisali kule mbele kwa sauti ya chini, yeye huku alisali rozari yake. Kengele ya Mageuzo ikilia, pale mkate unapogeuka kuwa Mwili wa Kristo, rozari inasimama, anainama mpaka paji la uso linakaribia magoti. Magoti yake unayakumbuka, yalikuwa na sugu nyeusi, ngumu kama kisigino. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unazigusa kwa kidole ukimuuliza kama zinauma. Nimewaambia ninyi wote tangu mkiwa wadogo na leo narudia: imani isiyoacha sugu mahali popote mwilini, mimi siiamini.

Lakini usije ukadhani bibi yako aliomboleza mabadiliko yalipokuja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wote, ulikuwa umefungua mlango wa lugha zetu mwaka 1963, na mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita akatangaza Misale mpya, kitabu cha sala za Misa. Jumapili aliyosikia kwa Kiswahili Injili ya yule mama aliyetokwa damu miaka 12, alirudi nyumbani akatusimulia yote, anavyosukumwa na umati, anavyogusa pindo la vazi, kama habari ya jirani yetu wa mtaa wa pili. Akamaliza na kusema, "Kumbe haya ndiyo padre alikuwa akiyasoma siku zote, na sisi tumekaa tu." Kwa hiyo mtu akiniambia Misa ya Kiswahili ilitupokonya imani, namkatalia. Ilimpa mama yangu Injili. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Alichokuwa hawezi kuacha ni kupiga magoti.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1979. Nimetoka chuo cha ualimu, nimevaa shati la kola ndefu, mwenyekiti wa kwaya. Ule uzio mdogo wa mbao ambako watu walipiga magoti kukomunika, yaani kupokea Komunyo, ulikuwa umeshang'olewa, na tulikuwa tumetangaziwa tupange mstari na kukomunika tumesimama, maana kanisa dogo na watu wengi. Wote walikuwa wameshazoea. Mama akafika mbele ya padre, akapiga magoti palepale kwenye saruji. Aliyekuwa nyuma akamkanyaga kanga, mstari ukakwama. Padre hakusema neno. Nataka ulijue hilo, padre hakusema neno. Ni mimi niliyeshuka kutoka kwenye kwaya, nikamshika kiwiko, nikamnyanyua. Nikamwambia kwa sauti iliyofika mpaka benchi la tatu, "Mama, simama, unachelewesha watu."

Akasimama. Nilishtuka alivyokuwa mwepesi, sikujua kama mama yangu alikuwa mwepesi vile. Akakomunika. Alipogeuka kurudi kwenye benchi nikaona kwenye gauni lake la sikukuu, usawa wa magoti, mabaka mawili ya vumbi. Nyumbani akapika kuku wa Pasaka, na firigisi akaniwekea mimi, baba yako mkubwa akiwepo. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote.

Jumapili iliyofuata alibaki kwenye benchi mpaka mtu wa mwisho alipopita. Ndipo akaenda, akapiga magoti, akakomunika, akarudi. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa kucheleweshwa. Alifanya hivyo kila Jumapili mpaka alipofariki mwaka 2003, miaka 24. Ninyi wajukuu mkamwita Bibi Mwisho, mkidhani anaogopa kusukumwa kwa ajili ya uzee. Niliwasikia nikanyamaza. Mama yako ndiye pekee niliyemwambia, na hata huyo ni baada ya mazishi. Sasa na wewe unajua.

Na katika miaka yote hiyo hakuhama parokia. Kila Jumamosi alikuja na wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kufagia kanisa lilelile, sakafu ileile. Padre akiugua, uji unatoka kwetu. Nimewasikia watu wengi wakihubiri habari za kudumu katika imani, lakini ninayemwona akilini mwangu ni mama amekaa kwenye benchi, rozari mkononi, anasubiri mstari uishe.

Haya, hao wa kwako. Ujue kwanza kwamba si kundi moja. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, kiongozi wa walioikataa Misa mpya, ambaye jina lake utalisikia sana huko, hakuwa mgeni kwa Afrika: alikuwa mmisionari Gabon, akawa Askofu Mkuu wa Dakar, na wakati wa Mtaguso alikuwa mkuu wa shirika la Roho Mtakatifu, ndilo lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alikaa kwenye Mtaguso huo pamoja na Kardinali wetu Laurean Rugambwa. Halafu tarehe 30 Juni 1988, kule Écône, Uswisi, akawaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa. Siku mbili baadaye Papa Yohane Paulo wa Pili akatangaza kwa barua kwamba wametengwa na Kanisa, na katika barua hiyohiyo akawataka maaskofu wawe wakarimu kwa waumini wanaoipenda Misa ya zamani. Baadhi ya mapadre wa Lefebvre wakamwacha, wakabaki na Papa, na Julai hiyohiyo wakaanzisha Udugu wa Mtakatifu Petro. Wamebaki na Misa yao na wamebaki ndani.

Hapo moyo wangu unakuwa mwepesi: nakwambia kaa na hao wa Petro, basi. Lakini usiku nikiwa macho najibishana mwenyewe. Je, kama yule askofu mzee asingekaidi, kuna ambaye angewakumbuka watu hawa? Papa Benedikto angeifungulia Misa hiyo mlango mwaka 2007, akiwaandikia maaskofu kwamba kilichokuwa kitakatifu kwa waliotutangulia ni kitakatifu kwetu pia? Sijui kama angefanya hivyo. Asubuhi inafika, namkumbuka mama, ambaye hakumkaidi mtu na magoti yake hakuyaacha, na najiona nilikuwa natafuta kisingizio. Halafu tena nawaza: mama alipata nafasi ya mwisho kwenye mstari. Angekatazwa hata hiyo, angefanya nini? Naona sina haki ya kumjibia.

Maana mwaka 2021 Papa Fransisko alibana upya. Misa hiyo isisaliwe kwenye makanisa ya parokia, padre mpya asiisali mpaka Roma ikubali, askofu ndiye mwenye kusema wapi na lini. Wewe umesema mwenyewe kwamba mama mmoja mliyetembea naye alikuwa akilia njiani kwa sababu kanisa lao wamefungiwa na sasa wanasafiri saa nzima na watoto wanne, na bado wanaenda kila Jumapili, na wanamwombea Papa huyohuyo. Huyo mama ningependa kumshika mkono. Ana sugu huyo, hata kama hazionekani.

Ulitaka nikupe njia ya kuwapima. Katika ile sala ndefu inayosaliwa kimya, kabla ya Mageuzo, padre hulitaja jina la Papa na la askofu wa jimbo. Muulize padre wako kama anayataja. Akikwepa, ondoka siku hiyohiyo. Lakini hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu hata wa Lefebvre wanamtaja Papa. Kwa hiyo baki pia baada ya Misa, watu wakinywa kahawa nje, usikilize wanavyomsema mama anayekomunika kwa mkono, amesimama, kwenye parokia ya jirani. Mimi nilimnyanyua kwa nguvu mtu aliyepiga magoti. Yupo pia anayetaka kumkandamiza chini kwa nguvu aliyesimama, na mkono huo naujua, ulikuwa wangu.

Najua unangojea neno moja, ndiyo au hapana. Nimeliandika mara mbili kwenye karatasi nyingine nikaichana. Kuna upande ninaouegemea, na wewe unanijua vya kutosha, utakuwa umeshauona. Lakini nilitoa hukumu ya haraka kanisani mwaka 1979, na sitaki kutoa nyingine kwa ajili yako nikiwa huku, mbali, sijasali na hao watu hata mara moja.

Hayo malengelenge nimeyafurahia, nikiri. Imani isiyoacha sugu mahali siiamini, na mtoto wangu ameanza kuzitafuta zake kwa miguu. Ila jambo moja hukulisema kwenye simu na nimelala nalo siku tatu. Ile Jumatatu Chartres, kwenye Misa ya Kardinali Müller, watu wengi vile, walipoanza kukomunika, wewe ulikuwa wapi kwenye mstari? Na nyuma yako alibaki nani?

Niandikie, usinitumie sauti. Nataka niisome polepole.

Mimi baba yako