Nimeshuka mlima mapaja yanauma, nikifanya masaji itatoa asidi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mgumu, nabeba mizigo mlimani. Juzi nimeshuka Kilimanjaro kwa geti la Mweka na kilo 20 kichwani, siku ile nilikuwa freshi tu ila kuanzia jana mapaja yanauma hadi ngazi nashuka kinyumenyume. Washikaji wanasema niende masaji wakanitoe asidi kwenye misuli, na nikandwe mpaka nilie ndo inafanya kazi. Ni kweli? Halafu kigimbi cha kushoto kimevimba kidogo, hicho nadhani ni buti tu. Mgumu, Moshi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na mlima. Naanza na hicho ulichokitaja mwisho, maana ndo kimenifanya nikujibu wewe kabla ya wengine wote. Buti likibana mara nyingi linaumiza vidole na kisigino, kigimbi kimoja kuvimba peke yake ni habari nyingine. Kule juu hewa ni nyepesi kwa hiyo mwili unaongeza chembe nyekundu na damu inakuwa nzito, maji unayapoteza kwa kuhema, kunywa nako unakunywa kidogo, halafu ukishuka unabanwa kwenye gari magoti yamekunjwa, basi damu inaweza kuganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani ya mguu. Mguu wa hivyo ukiukanda, lile bonge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa. Ndo maana nakuomba kigimbi hicho asikiguse mtu kwanza.

Azima futi kamba kwa fundi cherehani. Kaa chini, papasa kale kanundu ka mfupa chini ya goti, hesabu sentimita 10 kwenda chini, zungushia futi hapo, miguu yote miwili. Kushoto kukizidi kulia kwa zaidi ya sentimita 3, au kigimbi kina joto, au kinauma ukikibonyeza, nenda hospitali leo leo, Mawenzi au KCMC, wakupime mishipa kwa ultrasaundi. Ikiwa chini ya hapo bado nenda waangalie, mguu mmoja kuvimba siwezi kuuamulia kwa meseji. Na pumzi ikianza kubana au kifua kuchoma, usingoje kukuche.

Sasa asidi. Hiyo asidi ya laktiki mwili unaiondoa wenyewe, ndani ya saa moja hivi ya kupumzika imeshakwisha, yaani ulivyofika mjini ulikuwa huna cha kutolewa. Kinachouma ni kushuka. Kutoka kambi ya Barafu mpaka geti la Mweka unashuka kama mita 3,000, na kila hatua paja la mbele linakaza huku linavutwa, linafanya kazi ya breki kwa ajili yako na ule mzigo. Nyuzi za misuli zinachanika vidogo vidogo, mwili unaanza kuzitengeneza, ndo maumivu yanakuja kesho yake na keshokutwa. Kwa hiyo ulivyokuwa freshi siku ile haishangazi kabisa.

Masaji inasaidia, ila si kwa njia wanayokuambia hao. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakawakanda paja moja dakika 10, la pili wakaliacha, kisha wakachukua vipande vidogo vya misuli wakapima. Asidi ilikuwa ileile pande zote mbili, ila paja lililokandwa lilikuwa na dalili chache za kuvimba kwa ndani. Mi kwa watu wa mlimani naona pia wanalala vizuri usiku ule, na kwa mtu aliyelala kwenye hema siku sita hilo si dogo.

Kulia hapana! Nyuzi zimeshachanika, mtu akikukandamiza kwa kiwiko anakuongezea kidonda juu ya kidonda. Mi natumia kiganja na mafuta kidogo ya nazi, kutoka juu ya goti kupanda kuelekea nyonga, taratibu, dakika 10 hadi 15 kila paja, na nataka mtu aweze kuongea na mimi muda wote bila kung'ata meno. Dawa ya kuchua inayowasha ukipenda paka, ila ujue ule moto unaousikia ni wa ngozi tu. Kunywa maji, tembea tembea mtaani (ukisharuhusiwa kuhusu huo mguu), na mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi hiyo nayo ni hospitali, misuli imeumia sana na figo ziko hatarini.

Wakikupima wakakuambia mshipa uko salama, njoo, mapaja tutayakanda.