Wataalamu Wanajibu: Ngozi ya Mtoto na Kichwa Chake

SWALI: Mwanangu ana miaka 7. Tangu uchanga ana madoa manane ya rangi ya kahawa yenye maziwa, mgongoni na mapajani. Hayamwashi wala hayamuumi. Sasa mwalimu analalamika kuwa hatulii, anasahau alichotumwa na hamalizi kazi. Jirani anadai madoa na utukutu vina chanzo kimoja. Ni kweli au ananitisha?

JIBU: Huenda jirani hajakosea. Chukua rula upime. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, madoa 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, yanatosha kumfanya daktari afikirie nyurofibromatosisi aina ya kwanza, ugonjwa wa jeni unaoleta madoa ngozini na uvimbe kwenye neva. Madoa peke yake hayatoshi kuuthibitisha ugonjwa. Angalia kama ana vidoadoa vidogo makwapani au kwenye kinena, kisha daktari wa macho atafute vinundu kwenye sehemu yenye rangi ya jicho. Upo ugonjwa mwingine unaoleta madoa hayo hayo na vidoadoa vya makwapani bila uvimbe wa neva, ndiyo maana wakati mwingine kipimo cha jeni huhitajika.

Kuhusu utukutu: ngozi na ubongo huanzia kwenye tabaka moja la seli wakati mimba ingali changa, na jeni moja yaweza kutumika kote kuwili. Jeni ya NF1, iliyo kwenye kromosomu ya 17, hutengeneza protini ambayo ni kama breki ya ukuaji wa seli. Breki ikilegea, ngozini hutokea madoa na baadaye vinundu laini, na ubongoni mawasiliano ya seli za neva huvurugika. Kati ya thuluthi na nusu ya watoto wenye ugonjwa huu wana tatizo la umakini hafifu, wengine bila utukutu wowote. Hao waliotulia ndio husahaulika, maana hawamsumbui mwalimu.

Kwa hiyo viboko havitasaidia. Omba apimwe umakini, kusoma na kuhesabu. Asisubiri afeli kwanza. Darasani akae mbele, apewe agizo moja kwa wakati mmoja, tena lililoandikwa, na aongezewe muda wa mtihani. Dawa za umakini kama methilfenideti huwafaa wengi wao zikisimamiwa na daktari. Kila mwaka apimwe macho na shinikizo la damu. Na msianze kutafuta ni ukoo upi ulioleta: karibu nusu ya watoto hawa wana badiliko jipya la jeni ambalo hakuna mzazi aliye nalo.

SWALI: Binti yangu wa miezi 5 ana mabaka meupe manne, moja lina umbo la jani. Wiki hii, kila akiamka, anajikunja ghafla kama anayeshtuka, mikono ikitanuka, mara nyingi mfululizo. Bibi yake anasema ni chango.

JIBU: Mpeleke hospitali leo hii, usiache hadi kesho. Mrekodi kwa simu anapojikunja; video ya dakika moja itamweleza daktari mengi kuliko maelezo. Mikunjo inayokuja kwa mafungu mtoto anapoamka yaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga, na ikiambatana na mabaka meupe matatu au zaidi yenye upana wa angalau milimita 5, ugonjwa wa jeni uitwao tuberasi sklerosisi ndio wa kwanza kushukiwa. Katika ngozi nyeupe mabaka hayo huenda yasionekane hadi yamulikwe kwa taa ya mwanga wa urujuanimno kwenye chumba chenye giza.

Hitilafu iko kwenye jeni ya TSC1 au TSC2. Vinundu huota ubongoni, na kwa watoto wengi degedege huanza kabla ya mwaka mmoja. Atapimwa mawimbi ya umeme wa ubongo. Dawa inayotangulizwa kwa ugonjwa huu ni vigabatrini, na macho yafuatiliwe kwa sababu inaweza kupunguza upeo wa kuona. Kuchelewa kuna gharama: mikunjo ikiendelea bila tiba, ukuaji wa akili huzidi kurudi nyuma. Karibu nusu ya watoto hawa huwa na usonji, hivyo hata degedege ikitulia, usingizi, lugha, tabia na wasiwasi vikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka.

SWALI: Msichana wetu wa miaka 15 ana ugonjwa wa Darier: vipele vya magamba kifuani na shingoni, vyenye harufu akitoka jasho. Amejitenga, analia usiku. Ni aibu tu?

JIBU: Aibu ipo, lakini msiishie hapo. Jeni yake, ATP2A2, huendesha pampu ya kalisi ndani ya seli za ngozi na za ubongo pia, na wenye ugonjwa huu hupata sonona na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kuliko watu wengine. Muulizeni waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake na aonwe siku hiyo hiyo.

Madaktari wake wa ngozi na wa akili lazima wawasiliane. Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, inaweza kuchochea vipele. Asitretini, dawa ya kumeza, husafisha ngozi lakini humlemaza mtoto aliye tumboni, na tahadhari ya kutoshika mimba hudumu miaka 3 baada ya kuiacha. Kwa msichana wa umri huu hilo ni jambo zito. Avae pamba nyepesi, akwepe joto na jua kali.

SWALI: Mtoto wa miaka 6 ana ukurutu wa kurithi. Shuleni wanasema ana tatizo la umakini. Aanze dawa?

JIBU: Kwanza alale. Anayejikuna usiku kucha huamka na hasira na kusahausahau, na ukimtazama mchana utamwona sawa na mwenye tatizo la umakini. Andika kwa wiki 2 saa anazolala na mara anazoamka. Kosa la kawaida ni kupaka mafuta ya kulainisha kidogo mno: mtoto hutumia gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Steroidi ya kupaka, ukikamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Dawa za mzio zinazoleta usingizi zisitegemewe, kwani uzito wake humfuata hadi darasani. Ngozi ikitulia na usingizi ukirudi, ilhali umakini bado hafifu, hapo apimwe.